Maswali Yenu: RAM Imepanda Bei, Tununue au Tungoje?

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja: RAM, yaani memori ambamo kompyuta na simu huweka kazi inayoendelea, imepanda bei ghafla. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Bei hatukuzitaja kwa shilingi kwa sababu duka na duka hazilingani, na lebo ya Jumatatu huenda isiwepo Ijumaa.

Muuzaji anasema ni AI. Ananipiga?

*Nina steshenari yenye kompyuta nne. Katikati ya 2025 fundi alinipa bei ya kuziongezea RAM, nikamwambia ngoja nijipange. Mwaka ulipogeuka nikarudi, fedha ya RAM nne haitoshi hata mbili. Muuzaji anasema ni mambo ya AI. AI ya Wamarekani inahusiana nini na duka langu?* — Mama wa steshenari, Morogoro

Mama, katika hili muuzaji anasema kweli, ingawa ukweli huo haumzuii kuongeza cha juu chake.

Karibu RAM zote unazoziona dukani, hata zenye jina la Kingston, ADATA au Lexar, chipu zake hutoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Wale wengine hununua chipu, huzipanga kwenye kibao, hubandika lebo yao. Hao watatu wakigeukia bidhaa nyingine, soko zima linabaki mikono mitupu.

Na wamegeuka. Mashine za AI hutumia memori inayoitwa HBM, ambayo ni chipu za DRAM (zile zile za jamii ya RAM ya kawaida) zilizopangwa ghorofa, moja juu ya nyingine, hadi 12 katika toleo la HBM3E. GPU moja, yaani chipu inayokokotoa kazi za AI, ya Nvidia B300 ina mapande manane ya namna hiyo, jumla 288GB. Ugumu uko hapa: Micron yenyewe imeeleza kuwa kiasi fulani cha HBM hula silikoni kama mara tatu ya ile ambayo ingetoa kiasi hicho hicho cha DDR5, kizazi kipya cha RAM ya kawaida baada ya DDR3 na DDR4. Kwa hiyo GB moja ya HBM ikitoka kiwandani, GB tatu hivi za RAM ya kawaida hazikutengenezwa. Mnunuzi wa HBM naye halalamiki bei kama wewe na mimi.

Oktoba 2025 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilitangaza makubaliano ya awali na Samsung na SK hynix yenye lengo la kufikia sahani za silikoni (ambazo chipu hukatwa humo) 900,000 kwa mwezi kwa ajili ya Stargate, mradi wake wa vituo vya kompyuta za AI. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ikatangaza kufunga Crucial, chapa yake ya RAM na SSD (diski zisizozunguka) za rejareja, ili ielekeze chipu kwa wateja wakubwa. Katikati ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuhudumia Windows 10, na ofisi nyingi zikawa zinanunua kompyuta mpya wakati ule ule. Huko Marekani, jozi ya DDR5 ya 32GB iliyokuwa chini ya dola 100 katikati ya 2025 ilivuka dola 300 kabla mwaka haujaisha.

Sasa duka lako. Usiziongezee zote nne. Saa ya wateja wengi, fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda ukurasa wa Performance, uangalie mistari miwili: Memory na Disk. Memory ikiwa chini ya asilimia 80 huku Disk imegota 100, kinachokuchelewesha ni diski ya zamani ya kuzunguka, na hapo SSD ndogo ya 240GB itakusaidia kuliko RAM. SSD nazo zinapanda, lakini kwa mashine yenye diski ya kuzunguka bado ndiyo fedha inayoonekana ilikokwenda.

Mashine ya kuchapisha na kutoa fotokopi tu iache na 4GB yake. Ile ya kutengeneza kadi za harusi na mabango ndiyo ipewe 8GB au zaidi. Kama aina ya RAM inafanana, fundi anaweza kuhamisha kipande kutoka mashine isiyokihitaji kwenda inayokihitaji, na hapo unalipa ufundi peke yake.

DDR3 na DDR4 zimekosa nini?

*AI haitumii DDR4, sembuse DDR3. Kwa nini nazo zimepanda?* — Fundi, Mombasa

Kwa sababu zinatoka viwanda vile vile. Katika 2025 watengenezaji wakubwa waliwapa wateja taarifa kwamba wanaisitisha DDR4 taratibu. Kila mwenye bidhaa inayoitegemea, kuanzia ruta hadi mashine za viwandani, akakimbilia kuweka akiba. Kufikia Juni 2025 chipu za DDR4 katika soko la papo kwa papo, la kununua bila mkataba wa muda mrefu, zilikuwa ghali kuliko DDR5 zenye ukubwa ule ule, jambo la kushangaza kwa bidhaa ya kizazi kilichopita. Kisha DDR5 ilipopaa, wanunuzi wakarudi kwenye DDR4 na kuikamua zaidi.

DDR3 dukani kwako ni hadithi nyingine. Nyingi zimefunguliwa kutoka mashine kuukuu. Wateja wanaposhindwa kununua mpya wanashikilia za zamani, na vipande vinapungua. Ukiwa na akiba ya DDR3L ya laptopu, usiiuze kwa haraka.

ThinkPad T480 yangu: ninunue RAM ipi, niiweke vipi?

*Nilinunua T480 ex-UK yenye 8GB. Nataka 16GB kwa ajili ya programu za chuo. Dukani nimeonyeshwa RAM tano tofauti, bei tano tofauti.* — Mwanafunzi wa uhandisi, Eldoret

Kwanza jua ulicho nacho. Task Manager, Performance, Memory: upande wa kulia chini utaona sloti zinazotumika. Ikiandika 1 of 2, unahitaji kipande kimoja cha 8GB tu. Ikiandika 2 of 2, una vipande viwili vya 4GB. Hapo toa kimoja, weka 8GB, upate 12GB. Kwa bei za sasa 12GB ni jibu la heshima. Kile cha 4GB kilichotoka kiuze, kuna anayekitafuta.

T480 hutumia DDR4 ya laptopu, kasi 2400. Usilipie zaidi kwa sababu ya 3200, maana itashushwa hadi 2400 na tofauti ya bei itakuwa sadaka. Ukipata 2666 au 3200 kwa bei ile ile, chukua, itafanya kazi.

Lebo isome hivi. Chukua mfano wa *8GB 1Rx8 PC4-2400T-SA1-11*. PC4 ni DDR4. Ukiona PC3L hiyo ni DDR3L na haitaingia, kwa kuwa ina pini 204 badala ya 260 na pengo lake liko mahali pengine. 2400 ni kasi. 1Rx8 maana yake ni safu moja ya chipu zinazotoa biti nane kila moja, kwa hiyo hesabu chipu kubwa nyeusi: ziwe nane. Herufi ya kwanza baada ya kistari kinachofuata kasi (hapa ni S ya SA1) ndiyo wengi wanaipuuza: S ni ya laptopu, U ni ya kompyuta ya mezani, R ni ya seva. Lebo ikiwa imekwanguliwa, au imebandikwa juu ya nyingine, rudisha mezani.

Vipande viwili si lazima vifanane chapa. Vikitofautiana kasi, vyote hufuata ile ya chini. Vikilingana ukubwa, memori husomwa kwa njia mbili kwa pamoja, na T480 nyingi hutegemea grafiki za ndani ya prosesa ambazo hutumia RAM hiyo hiyo, kwa hiyo 8 na 8 utaisikia tofauti hata kwenye video.

Kuweka: T480 nyingi zina betri mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na hapo ndipo bodi huunguzwa. Kuitoa ya nje hakutoshi. Washa, bonyeza F1 kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery. Mashine itajizima. Chomoa chaja, toa betri ya nje, legeza skrubu za kifuniko cha chini, kisha kifungue taratibu kwa kadi ya plastiki, si kwa bisibisi. Shika chuma kisicho na rangi kuondoa umeme tuli mwilini. Ingiza RAM kwa kuinamisha kama nyuzi 30, sukuma mpaka dhahabu ya pini iwe karibu imefichika yote, ndipo uilaze mpaka vishikio viwili vya pembeni vilie. Kikilia kimoja tu, haijakaa. Betri ya ndani itaamka ukichomeka chaja.

Kuwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika moja au zaidi wakati mashine inaipima memori mpya. Subiri. Ikikataa kabisa, chomoa umeme wote tena, toa na urudishe. Jaribu kipande kipya peke yake, kisha cha zamani peke yake, kwenye kila sloti. Kwa namna hiyo utajua kama kosa ni la RAM au la sloti. Pini zikiwa na ukungu, zifute kwa kitambaa chenye spiriti safi, uache zikauke.

Kabla hujamlipa muuzaji moja kwa moja, andika *mdsched* kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, ruhusu ijiwashe upya na kupima. Kwa kawaida haichukui muda wa kukuzuia kungoja pale dukani. Nyumbani tumia Memtest86+ kutoka kwenye flashi, uiache usiku kucha. Kosa moja jekundu latosha kuirudisha. Hakuna RAM yenye kosa dogo. Patana siku za kurudisha na ziandikwe kwenye risiti.

Neno kwa wengine mnaotaka kununua laptopu za mtumba sasa: kagua kama RAM imelehemewa kwenye bodi. ThinkPad X1 Carbon zote ziko hivyo. T490 ina sehemu iliyolehemewa na sloti moja. T480 na EliteBook 840 G3 zina sloti mbili. Zamani tulikuwa tunasema nunua yenye 4GB utaongeza mwenyewe. Leo hesabu imepinduka: mara nyingi laptopu iliyokuja na 16GB ndani inauzwa kwa nyongeza ndogo kuliko bei ya kununua RAM hiyo kando, hasa kama muuzaji alifunga mzigo wake kabla bei hazijapanda.

Simu ya "8GB" kwa bei ya 4GB

*Nimeona simu mpya imeandikwa RAM 8GB, bei nafuu. Rafiki yangu anasema ni 4GB. Nani mkweli?* — Msomaji, Mwanza

Rafiki yako. Soma maandishi madogo kwenye boksi: utakuta 4GB + 4GB. Ile ya pili si RAM, ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyokopwa. Mfumo ukibanwa, hupeleka huko vitu usivyovitumia kwa wakati huo. Inasaidia programu zisifungwe ovyo, lakini hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na kwenye simu ya 64GB umeipunguza hifadhi yako kwa 4GB. Picha za WhatsApp zitakukumbusha.

Kuhakikisha: Settings, kisha About phone, gonga Build number mara saba, rudi ufungue Developer options, tafuta Memory. Utaona jumla halisi, pengine 3.6 au 3.7GB kwa simu ya 4GB, kwani kiasi kidogo huchukuliwa na mfumo. Fanya hivyo dukani ukiwa bado hujatoa hela. Kati ya 4+4 na 6GB halisi, lipia 6GB.

Simu zimeingiaje kwenye kesi hii? Hutumia memori ya LPDDR, isiyokula umeme mwingi, nayo siku hizi imo kwenye mashine za AI. Prosesa ya Nvidia iitwayo Grace hubeba hadi 480GB za LPDDR5X. Kabati moja la GB200 NVL72 lina Grace 36. Zidisha: ni zaidi ya 17,000GB, sawa na RAM ya simu 2,160 za 8GB, ndani ya kabati moja, na HBM ya GPU hatujaigusa. Mtengenezaji wa simu za bei nafuu amesimama foleni moja na huyo mnunuzi, kwa hiyo tarajia matoleo mapya yenye bei ile ile lakini RAM pungufu, na herufi kubwa zaidi kwenye hiyo alama ya kujumlisha.

Maabara ya shule

*Tulipanga kununua Raspberry Pi 5 kumi za 8GB. Bajeti imepitwa. Tupunguze idadi au tushuke RAM?* — Mwalimu, Unguja

Shukeni RAM. Tarehe 1 Desemba 2025 Raspberry Pi, watengenezaji wa kompyuta hizo ndogo za bodi moja, walipandisha bei kwa sababu hii hii: Pi 5 ya 8GB ikatoka dola 80 hadi 95, ya 4GB kutoka 60 hadi 70, ya 2GB kutoka 50 hadi 55, na ya 16GB kutoka 120 hadi 145. Walileta pia ya 1GB kwa dola 45. Ulizeni bei ya siku kabla ya kuagiza. Kwa Scratch, Python na kuwasha taa kwa pini, 2GB inatosha. Wanafunzi wakifungua kivinjari chenye kurasa nyingi, chukueni 4GB. Kumbukeni RAM ya Pi haiongezeki baadaye.

Kama mna kompyuta za zamani zenye Linux Mint, ongezeni zram: *sudo apt install zram-tools*, kisha katika faili la /etc/default/zramswap wekeni ALGO=zstd na PERCENT=50, halafu *sudo systemctl restart zramswap*. Hubana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuipeleka diskini. Mashine ya 4GB hupumua vizuri, ila prosesa hufanya kazi kidogo zaidi.

RAM za seva bei poa

*Kuna mtu ana DDR4 za 16GB zilizotoka kwenye seva, bei nusu. Zinaingia kwenye sloti ya kompyuta ya mezani bila shida. Ninunue?* — Fundi, Bujumbura

Zinaingia, haziwaki. DDR4 ya seva aina ya RDIMM ina pini 288 na pengo mahali pale pale kama ya kawaida, ndiyo maana wengi hunasa. Ina chipu ya ziada katikati inayopokea amri kwa niaba ya nyingine, na prosesa nyingi za kompyuta za kawaida haziongei nayo. Itambue kwa herufi R kwenye lebo; chipu zake za memori nazo hugawanyika kwa tisa badala ya nane. Kwenye DDR5 mtego huu umeondolewa, pengo limehamishwa.

Usiidharau lakini. Mashine kama HP Z440 au Dell Precision T5810, zenye prosesa za Xeon E5 za jamii ya seva, huipokea. Kwa mteja wa kuhariri video mwenye fedha kidogo, Z440 ya mtumba yenye vipande vinne vya namna hiyo ni kazi nzuri kuliko kompyuta mpya yenye 8GB. Usichanganye R na U kwenye bodi moja, na jaza sloti kwa mpangilio ulioandikwa ndani ya kifuniko.

Lini zitashuka?

*Ningoje miezi mitatu?* — Msomaji, Nairobi

Miezi mitatu ni muda unaokaribia ule wa sahani moja ya silikoni kupita kiwandani mpaka iwe chipu. Kiwanda kipya ni miaka. Cha Micron huko Boise, Idaho, kimepangwa kuanza kutoa mwaka 2027. Jengo la P5 la Samsung huko Pyeongtaek, 2028. CXMT, mtengenezaji wa memori wa Hefei, China, inaongeza uzalishaji, lakini China yenyewe ina njaa ya chipu. Kisha watengenezaji hawa walipata hasara kubwa mwaka 2023 chipu zilipojaa ghalani, na hawana hamu ya kurudia.

Bei inaweza kuyumba, hata kushuka wiki mbili tatu walanguzi wakitema mzigo. Anayeihitaji kwa kazi inayomwingizia kipato anunue kiasi cha kazi hiyo. Anayetaka kutoka 16GB kwenda 32GB kwa sababu tu mwenzake anayo, avumilie.

Laptopu imerudi na RAM pungufu

*Nilipeleka laptopu ya 16GB kubadilishiwa kioo. Imerudi, inasoma 8GB. Nimwendee fundi vipi?* — Msomaji, Tanga

Kwa upole kwanza, kwa kuwa kuna sababu isiyo wizi. Kifuniko kikifunguliwa, kipande kinaweza kulegea na mashine ikakiona kimoja tu. Mwambie akifungue mbele yako. Vikiwa viwili, akikandamize upya, na kama bado haisomi, abadilishane sloti kama tulivyomweleza wa Eldoret. Ikiwa kipo kimoja, mazungumzo yanabadilika.

Siku nyingine, kabla ya kukabidhi mashine, fungua PowerShell uandike *Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select Manufacturer, PartNumber, SerialNumber, Capacity*. Kwa Linux ni *sudo dmidecode -t memory*. Piga picha skrini hiyo, namba ya utambulisho (SerialNumber) ya kila kipande iandikwe kwenye risiti ya kupokelea, na fundi atie sahihi. Fundi mwaminifu atafurahi, maana karatasi hiyo inamlinda na yeye dhidi ya mteja aliyeleta 8GB akadai 16.